Maumivu ya shingo ya mwaka mzima: niendelee na mashine za fiziotherapia, au kuna tiba nyingine?

Mwalimu wa Tanga

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Tanga, umri wangu ni miaka 43, na kwa miezi 14 sasa ninasumbuliwa na maumivu ya shingo yanayoanzia chini ya kisogo, upande wa kulia, na kushuka hadi juu ya bega. Hayateremki mkononi, wala sina ganzi vidoleni. Yalianza taratibu msimu wa mitihani, nilipokuwa nikisahihisha karatasi za mikondo minne hadi usiku wa manane nikiwa nimeinamia meza fupi ya sebuleni, nami nikadhani mitihani ikiisha nayo yatakwisha. Hayakuisha. Siku hizi nikiitwa kutoka nyuma inanibidi nigeuze kiwiliwili chote, na nikiandika ubaoni vipindi viwili mfululizo mabega yanakuwa mazito kama niliyetoka kutwisha magunia.

Nilikwenda hospitali, nikapigwa eksirei, na daktari akaniambia kwamba pingili za shingo zimeanza kusagika na kwamba nafasi kati ya pingili ya 5 na ya 6 imepungua. Nilipewa diklofenaki ya kutuliza maumivu, kola ya kuvaa shingoni, na rufaa ya fiziotherapia ya mahudhurio 10. Katika mahudhurio hayo nilikuwa nikilazwa kifudifudi, ninawekewa mfuko wa moto kwa muda wa dakika 15 hivi, kisha vibandiko vya umeme vinavyotekenya misuli, na mara nne nilivutwa shingo kwa mashine. Nikitoka pale ninajisikia mwepesi na usiku ninalala vizuri, lakini kesho yake jioni maumivu yamesharudi palepale. Sikufundishwa zoezi lolote, isipokuwa siku ya mwisho nilipewa karatasi yenye michoro ya kunyoosha shingo na kuambiwa nijaribu nyumbani.

Sasa nimeelezwa kwamba ninaweza kuongezewa mahudhurio mengine 10 ya namna ileile. Ninaomba mwenye ujuzi anisaidie kuelewa kama kuna sababu ya kutarajia matokeo tofauti safari hii, na kama kuna tiba nyingine ambayo ningepaswa kuiomba. Ninaomba pia mnieleze maana ya hilo neno "kusagika", kwa kuwa limenitia hofu kiasi kwamba siku hizi nikitaka kubeba ndoo ya maji ninamwita kijana wa jirani.

Mtaalamu wa viungo, Moshi

Pole sana, Mwalimu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na hapa Moshi haipiti wiki bila kumpokea mgonjwa mwenye maelezo yanayokaribiana na yako, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa urefu, nikianza na hilo linalokutia hofu.

Shingo ina pingili 7, na kati yake kuna diski, yaani vibapa laini kama mito midogo, ambazo hupungua maji na kimo kadiri umri unavyosonga. Mabadiliko hayo huonekana kwenye picha za watu wengi ambao hawajawahi kuumwa shingo hata siku moja. Watafiti wa Japani waliwapiga picha za MRI watu 1,211 wasio na dalili zozote, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, na zaidi ya asilimia 87 kati yao walikutwa na diski zilizovimba au kutokeza, wakiwemo vijana wengi wa miaka ya ishirini na kitu. Mvi hazimuumizi mtu kichwa, na kwa walio wengi nafasi iliyopungua kati ya pingili ni jambo la namna hiyohiyo. Picha yako inaeleza umri wa shingo yako. Haielezi kwa nini inauma leo, wala haikukatazi kubeba ndoo. Ninajua daktari hakukusudia kukutisha, lakini neno "kusagika" limewalaza wagonjwa wangu wengi kuliko ugonjwa wenyewe, nami ningefurahi likiacha kutumika.

Maumivu yakishapita miezi 3 tunayaita sugu, na hapo lengo la tiba linabadilika. Katika siku za mwanzo tunatuliza. Katika maumivu sugu, kutuliza peke yake hakutoshi, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo yamekwisha kutokea: misuli ya ndani ya shingo imepoteza nguvu na uvumilivu, na mfumo wa neva umezoea kupiga king'ora kwa mambo madogo ambayo zamani usingeyahisi. Moto na umeme huipunguza sauti ya king'ora kwa saa kadhaa, ndiyo maana ulitoka pale ukiwa mwepesi, na sitaki mtu adhani kwamba nafuu ile ilikuwa ya uongo. Hata hivyo misuli yako iliingia dhaifu na ikatoka dhaifu vilevile. Mahudhurio mengine 10 ya namna hiyo yatakupa jioni nyingine 10 za nafuu, na sioni sababu ya kutarajia zaidi.

Kuhusu kuvutwa shingo, tiba hiyo ina nafasi kidogo kwa mgonjwa ambaye neva imebanwa na maumivu yanashuka mkononi, tena ikiambatana na mazoezi. Kwa maumivu kama yako, yanayokomea begani, ushahidi wake ni hafifu. Kola nakusihi uivue. Hufaa siku chache baada ya ajali au pale neva inapouma vikali, lakini ukiivaa kwa miezi unaipumzisha misuli ambayo tunataka ifanye kazi.

Tiba unayopaswa kuiomba ni mazoezi ya kuimarisha shingo na mabega, yanayoongezwa uzito hatua kwa hatua na kusimamiwa kwa wiki 8 hadi 12, pamoja na tiba ya mikono, yaani mtaalamu kusogeza viungo kwa mikono yake, pale vinapokuwa vimekaza. Nchini Finland, Ylinen na wenzake waliwafuatilia wanawake 180 wafanyakazi wa ofisini wenye maumivu sugu ya shingo kwa miezi 12, na matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu kwa mkanda wa mpira, la pili mazoezi ya uvumilivu ya kuinua kichwa, na la tatu lilielekezwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya jumla ya mwili. Baada ya mwaka, waliopata nafuu kubwa au kupona kabisa walikuwa asilimia 73 katika kundi la nguvu, 59 katika kundi la uvumilivu, na 21 katika lile la kujinyoosha. Itazame tena ile karatasi uliyopewa ukiwa na takwimu hizo akilini. Kujinyoosha si kubaya, lakini peke yake kunakuacha njiani.

Zoezi la kwanza ninalomfundisha mgonjwa kama wewe ni dogo kiasi kwamba wengi hulidharau. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, na chini ya kichwa weka kanga iliyokunjwa mara mbili au tatu badala ya mto. Bila kuinua kichwa, itikia "ndiyo" polepole, kidevu kikishuka kuelekea kooni, mpaka uhisi nyuma ya shingo inarefuka, kisha shikilia hapo huku ukipumua kawaida. Weka vidole viwili pembeni mwa koo, juu ya ule msuli mnene unaotoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua. Msuli huo unapaswa kubaki laini. Ukikaza kama kamba ya kuanikia nguo, ujue umetumia nguvu kupita kiasi na kwamba misuli ya nje imeipokonya kazi misuli ya ndani. Lengo ni kushikilia sekunde 10, kupumzika, na kurudia mara 10. Wagonjwa wangu wengi siku ya kwanza hawafiki sekunde 5, na hapo ndipo wanaponiamini ninaposema misuli imelala.

Zoezi hili lilichunguzwa kwa kina na Gwendolen Jull na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, nao hulipima kwa kifaa chenye mfuko wa upepo. Sisi ambao hatuna kifaa hicho kila siku hutumia kipimo cha presha cha mkono: mfuko hukunjwa na kuwekwa chini ya shingo, hujazwa hadi mshale usome 20, kisha mgonjwa huitikia mpaka ufike 22, hushikilia, na siku kwa siku hupanda hadi 24, 26, 28 na 30. Mgonjwa anapouona mshale ukitetemeka kwenye 24 anaelewa jambo ambalo ningemweleza nusu saa bila mafanikio.

Zoezi la pili ni la mabega. Funga mkanda wa mpira kwenye nondo ya dirisha na uvute kwa mikono miwili kama mtu anayepiga kasia, viwiko vikipita karibu na mbavu na mabapa ya mabega yakikaribiana nyuma. Ukikosa mkanda, shika chupa mbili za maji za lita moja na nusu, kila moja ina kilo moja na nusu, kisha pandisha mabega kuelekea masikio na uyashushe polepole. Rudia mara 10 hadi 12 kwa seti tatu, siku tatu kwa wiki, na kila mara inapokuwa rahisi ongeza uzito. Misuli kuchoka na kuuma kidogo hadi kesho yake ni kawaida. Maumivu yanayodumu zaidi ya siku moja yanakuambia upunguze mzigo, hayakuambii uache.

Fundi cherehani, Mombasa

Mwalimu, salaam aleikum, na pole kwa masaibu. Mimi si mganga, ni fundi wa nguo, nimeshona kwa miaka 22, na shingo ilinishika kiasi cha kufikiria kufunga duka. Naandika kwa sababu niliyapitia hayohayo ya moto na umeme kabla ya kumpata mama mmoja mtaalamu wa viungo ambaye, siku ya kwanza, hakunigusa. Aliniambia nikae kama ninayeshona, akaniangalia kwa muda mrefu, akauliza meza yangu ina kimo gani na huwa nakaa muda gani bila kuinuka. Nilimjibu kwamba kukiwa na kazi nyingi naweza kukaa kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri.

Alinifanyisha lile zoezi la kuitikia aliloeleza mtaalamu wa Moshi, nami nilikuwa miongoni mwa wasiofika sekunde 5. Shingo ilitetemeka kama ya mtoto mchanga. Akanipa mkanda wa mpira wa rangi ya manjano, ule mwepesi kabisa, na nikaona haya kwa kuwa mimi ni mtu mzima wa kubeba majora ya vitambaa, lakini baada ya mara 12 nilikuwa nimelowa jasho.

Nyumbani nilifanya mabadiliko mawili. Kwanza niliinua meza ya cherehani kwa vipande vya mbao vya unene wa vidole vinne chini ya kila mguu, nikainua na kiti kadiri miguu ilivyokuwa ingali inafika kwenye pedali, ili kitambaa kinisogelee badala ya mimi kukifuata. Pili, kila bobini inapokwisha uzi ninasimama, ninazungusha mabega, ninatembea hadi mlangoni na kurudi. Mtaalamu wangu alisema hakuna mkao mmoja ulio sahihi, na kwamba hata mkao mzuri ukiukalia saa nne utauma. La muhimu ni kubadilisha.

Nafuu haikuja haraka, Mwalimu, na ni vyema ulijue hilo mapema. Wiki nne za kwanza nilikuwa nikimwambia mke wangu kwamba napoteza muda. Mnamo wiki ya sita niligutuka kwamba nimegeuza shingo kumwangalia mteja mlangoni bila ya kufikiria. Mwezi wa tatu nikaacha dawa. Kisha Ramadhani ikaja, nguo za Idi zikarundikana mpaka darini, nikaacha mazoezi kwa wiki tano, na maumivu yakarudi kama niliyoyajua. Nilikata tamaa sana. Nilipompigia simu mtaalamu aliniambia nianze tena na mkanda mwepesi, na safari hiyo sikuhitaji miezi mitatu. Ndani ya wiki mbili nilikuwa sawa. Sasa huu ni mwaka wa tatu, nafanya mara mbili kwa wiki, na Ramadhani ndiyo nashikilia zaidi, baada ya tarawehe.

Tabibu wa Dodoma

Naunga mkono yaliyosemwa, ila niongeze tahadhari kwa wengine watakaosoma mjadala huu wakiwa na dalili tofauti na za Mwalimu. Kabla ya kuanza mazoezi yoyote, muone daktari upesi iwapo mikono inapoteza nguvu au unaangusha vitu na kushindwa kufunga vifungo vya shati, iwapo miguu inakuwa mizito na mwendo unayumba, au iwapo mkojo na choo vimebadilika, kwa kuwa hizo ni ishara za uti wa mgongo kubanwa. Homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito pamoja na maumivu ya shingo yasiyotulia hata ukilala vinatufanya tutafute kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa ambao kwetu bado upo. Aliyeanguka na bodaboda apigwe picha kwanza, hata kama anatembea mwenyewe.

Jambo jingine linalonisumbua sana ni desturi ya vinyozi ya kumshika mteja kidevu na kisogo baada ya kumnyoa na kuipinda shingo kwa ghafla mpaka ilie. Watu wanaipenda, wengine hata hudai wamepona. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu inayokwenda nyuma ya ubongo, na mpindo wa ghafla unaweza kuuchana mmoja wao na kuleta kiharusi. Ni nadra, lakini anayepatwa huwa mara nyingi ni kijana. Mtaalamu aliyesomea tiba ya mikono humuuliza mgonjwa maswali na kumpima kwanza, na mara nyingi huchagua misogeo ya taratibu isiyo na mshtuko. Kinyozi hana namna ya kujua shingo aliyoishika ina nini.

Mwalimu wa Tanga

Ninawashukuru nyote kutoka moyoni. Jana usiku nililala sakafuni juu ya mkeka, nikakunja kanga kama nilivyoelekezwa, na binti yangu akanihesabia. Nimefika sekunde 3 kabla ya ule msuli wa pembeni kukaza. Nilijaribu mara sita, na kila mara ulikaza kabla ya sekunde ya 4.

Nimebakiwa na maswali mawili. La kwanza, ninapoitikia kuna sauti kama ya mchanga ndani ya shingo, nami ninahofu kwamba ndiyo kusagika kwenyewe. La pili, mahudhurio 10 yale bima imekwisha kuyaidhinisha, je, niyaache?

Mtaalamu wa viungo, Moshi

Mwalimu, umeanza vizuri, na sekunde 3 ni kipimo chako cha kuanzia, kwa hiyo kiandike. Usilazimishe 10. Shikilia sekunde 2 au 3, pumzika, rudia mara 10, asubuhi na jioni, na ongeza sekunde moja kila unapoona msuli wa pembeni umetulia katika marudio yote 10.

Sauti ya mchanga hutokana na viungo na kano zinaposogeleana, na wasioumwa pia wanazo. Ikiwa haiambatani na maumivu makali, iache iendelee kusema. Kwa wengi hupungua shingo inapozoea kusogea, na kwa wengine hubaki maisha yote bila kuwadhuru.

Mahudhurio usiyaache hata kidogo, yabadilishe matumizi yake. Nenda umwambie mtaalamu wako, kwa heshima na bila kulaumu, kwamba moto na umeme vilikupa nafuu ya siku moja na kwamba ungependa sasa apime nguvu ya misuli ya ndani ya shingo, apime shingo inageuka nyuzi (digrii) ngapi kulia na kushoto, na akupangie mazoezi ya kuongeza hatua kwa hatua. Nakuhakikishia wengi wetu tunalijua hilo, ila kwenye chumba chenye wagonjwa 12 wanaosubiri na mtaalamu mmoja, mashine ndiyo inayomwezesha kuwahudumia wawili kwa wakati mmoja. Mgonjwa anayeomba mazoezi anamrahisishia mtaalamu kazi. Mwombe pia asitumie mahudhurio yote 10 katika wiki mbili. Mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili za mwanzo, kisha mara moja kwa wiki, yatakufikisha wiki ya 8, na katikati hapo kazi unaifanya mwenyewe nyumbani.

Ukikaza sana upande wa kulia, anaweza kuanza kila hudhurio kwa kusogeza pingili kwa mikono dakika chache ili mazoezi yafanyike kwa nafasi zaidi. Ukitaka moto, weka nyumbani taulo iliyolowekwa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 10 kabla ya mazoezi. Haina gharama na inafanya kazi ileile.

Kuhusu karatasi za mitihani, inua madaftari juu ya sanduku au kitabu kikubwa ili yainame kuelekea kwako, na usahihishe kwa mafungu ya dakika 30. Ndoo nayo irudishe taratibu: wiki hii nusu ndoo, ukibadilisha mkono njiani, na wiki ya tatu au ya nne jaza. Nipe habari za sekunde zako baada ya wiki mbili, na zile nyuzi za kugeuka pia, ukishapimwa.